Mikoko ya Gazi: Je, hewa yauzwa?

Nyumba za mawe za zamani, toka Lamu hadi Vanga, zina vyumba virefu na vyembamba. Mgeni aingiapo hudhani ndivyo wazee wetu walivyopenda. Sivyo. Upana wa chumba uliamuliwa na mti mmoja tu, nao ni boriti. Dari la mawe na chokaa ni zito, na boriti ya mkoko haiwezi kulibeba ikiwa imevuka kiasi cha mita 3. Basi mwashi alijenga kwa kadiri ya mti aliouletewa. Twaweza kusema nyumba ya Mswahili ilipata kipimo chake matopeni, kabla ya msingi wake kuchimbwa.

Wala hatukuwa peke yetu. Kwa karne nyingi vyombo vilivyoshuka na kaskazi vilingoja kusi vipande na shehena ya boriti kwenda Oman, Bahrain na Kuwait. Huko, ambako mti wa kujengea ni adimu, nyumba za kale ziliezekwa kwa miti hiyo, nao wakaiita chandal. Nyingi zilitoka Lamu na Rufiji, lakini hapana hori la mikoko katika mwambao huu ambalo halikusikia shoka. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, na biashara ile ikafa.

Leo twaambiwa kwamba mikoko yauzwa tena ng'ambo. Safari hii hakuna jahazi linalopakia wala shoka linalolia. Mti unabaki pale pale ulipoota, na pesa zinakuja. Kinachouzwa, wasema watu, ni hewa.

Jambo hilo latendeka Gazi, katika kaunti ya Kwale, kiasi cha kilomita 50 kusini ya Mombasa, baada ya kupita Ukunda na kabla ya kufika Msambweni. Gazi si kijiji kigeni kwa mwenye kusoma tarikhi. Ndiko alikokaa Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Nimekwenda huko zaidi ya mara moja, na kila nilipoketi barazani baada ya sala ya alasiri nilikuta swali moja halijapoa. Hewa yauzwaje? Nani aliipima? Na je, pesa zake ni halali?

Naona swali hilo lina haki ya kujibiwa kwa utaratibu, wala si la kuchekwa. Lakini kabla ya kulijibu yafaa tuujue kwanza mti wenyewe.

KILA MKOKO NA JINA LAKE

Mtu wa mjini huita kila mti uotao majini "mkoko". Mtu wa Gazi, hasa mwenye umri, hafanyi hivyo. Kenya ina aina 9 za miti hiyo, na kila moja ina jina, mahali pake na kazi yake. Upande wa bahari, unaopigwa na wimbi la kwanza, husimama mlilana, ambao mafundi wa vyombo waliutafuta kwa ajili ya mataruma ya mashua. Nyuma yake ndio mkoko wenyewe, umesimama juu ya mizizi yake kama mtu aliyeinua kanzu asilowe. Kisha muia, mti ulionyooka. Kisha mkandaa, ambao ganda lake likichemshwa latoa rangi nyekundu. Nyuma kabisa, karibu na nchi kavu ambako maji hufika kwa bamvua tu na chumvi imekolea, huvumilia mchu, na mizizi yake imechomoza topeni kama vidole. Kuna mkomafi pia, na kikandaa, na msikundazi.

Miti hiyo ikikatwa hupata majina mapya kwa unene wake: fito, pau, boriti, nguzo. Mtoto aliyelelewa katika kazi hiyo hakuhitaji futi. Jicho lake lilikuwa ndilo futi.

Na mkoko una ajabu nyingine. Mbegu yake haidondoki ikiwa mbegu. Huota ikiwa bado juu ya mti, ikarefuka mithili ya bakora, kisha ikaanguka na kujichoma topeni ikiwa mche tayari. Mama hamtupi mwanawe majini mpaka ajue kusimama. Ndiyo sababu kupanda mkoko ni kazi rahisi kwa mwenye kuijua: maji yakipwa, waokota bakora zile na kuzichomeka. Lakini ukipanda mkoko mahali pa mlilana, au mlilana mahali pa mchu, umepoteza siku yako. Elimu ya kupanda ni ile ile elimu ya majina.

ILIVYOKATWA NA ILIVYORUDI

Ghuba ya Gazi imekingwa na rasi ya Chale, na mito ya Mkurumudzi na Kidogoweni huingia humo. Mahali kama hapo ndipo mikoko ipendapo. Kwa sheria mikoko ya Kenya imekuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, lakini sheria ya karatasi haizuii shoka. Katika miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda, vya kuchoma chokaa na matofali. Kuni hizo hazikupikiwa mtu wa Gazi chakula. Ziliondoka kwa magari.

Palipokatwa sana hapakurudi. Jua lilipiga topeni pasipo kivuli, chumvi ikazidi, mchanga ukajaa, na bakora zilizoanguka hazikupata pa kushika. Upande wa ufuo wimbi lililokuwa likifika limechoka sasa lilifika na nguvu zake, likaanza kula nchi na kung'oa minazi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta ulikuwapo tangu azali, tukaung'oa sisi wenyewe.

Mwaka 1991 wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ambayo watu huijua kwa ufupi kama KMFRI, walianza kupanda tena pamoja na wanakijiji. Anayejulikana zaidi kati yao ni Dk. James Kairo. Walijaribu aina moja hapa na nyingine pale, nyingine zikafa na nyingine zikashika. Baada ya miaka mahali palipokuwa kiwara pakawa msitu, na kaa na kamba wakarudi kukaa mizizini. Hilo la kaa na kamba si dogo. Samaki wengi tuwalao hupitisha utoto wao katika mikoko, wakijificha wasiliwe na wakubwa. Mvuvi aliye mbali kwenye mwamba, asiyekanyaga tope mwaka mzima, huvua kile kilicholelewa na mikoko.

Kisha kina mama wa Gazi wakajenga daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, mgeni akalipa apite, akauziwa na chakula. Nimepita juu ya daraja hilo maji yakiwa yamejaa. Juu ya bahari kulikuwa na upepo wa kusi, lakini humo ndani maji yalikuwa yametulia kama ya mtungi. Hapo niliamini kwa macho yangu yale niliyosikia kuhusu mikoko na wimbi.

HEWA INAPIMWAJE?

Mradi wa hewa wenyewe waitwa Mikoko Pamoja, na ulianza rasmi mwaka 2013. Ni wa vijiji viwili, Gazi na Makongeni, nao walinda hekta 117 za mikoko. Umepangiwa miaka 20, yaani hadi 2033. Mwaka 2017 ulipata tuzo ya Ikweta, inayotolewa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Hesabu yake ni hivi. Moto wa viwanda, magari na ndege katika nchi tajiri hutoa hewa ya ukaa, ambayo imeifunika dunia kama blanketi na kuipasha joto. Hayo ndiyo mabadiliko ya tabianchi tunayoyasikia redioni. Mti huvuta hewa hiyo na kuifanya shina, tawi na jani. Miti yote hufanya hivyo, lakini mikoko ina zaidi: majani na mizizi yake ikifa huzikwa katika tope lisilopitisha hewa, na humo haiozi upesi. Hukaa mamia ya miaka. Kwa hiyo hazina kubwa ya mikoko haiko juu, iko chini ya miguu yako. Ukikata miti na kulifukua tope, hazina ile yote hupanda tena angani.

Wanakijiji hupima unene wa miti katika viwanja vilivyowekwa alama, huandika, na wakaguzi huja kuhakiki. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hesabu hiyo huonyesha kiasi cha tani 3,000 za hewa ya ukaa kila mwaka, zinazozuiliwa kwa kuwa msitu umelindwa na kupandwa. Makampuni na watu wa ng'ambo watakao kufidia moshi wao hulipa kwa kila tani, kupitia chama cha hisani kilichoko Scotland. Katika miaka ya mwanzo mapato yalikuwa kiasi cha dola 12,000 kwa mwaka.

Wengine hucheka wasikiapo kiasi hicho, na kweli ukiwagawia watu wote wa vijiji viwili hapana atakayepata nauli ya kwenda Mombasa na kurudi. Lakini hawakugawana. Kamati iliyochaguliwa na wanakijiji huitisha mkutano, watu wakasema watakacho, na pesa zikaenda kwenye kitu kimoja kimoja. Maji ya bomba yamefika, vitabu vimenunuliwa shuleni, majengo ya shule yamekarabatiwa. Fungu ambalo kwa mtu mmoja lingekuwa sukari ya juma moja, kwa wengi limekuwa maji. Twajua sote thawabu ya kumpa mtu maji.

HALALI AU SI HALALI?

Sasa turudi barazani. Mzee mmoja, aliyekuwa mkata boriti ujanani, alinieleza shaka yake hivi: "Mwanangu, sisi tulifunzwa tangu chuoni kwamba samaki aliye baharini hauzwi, wala ndege aliye angani, kwa sababu hujamshika. Huyo samaki ana mwili na ndege ana mbawa. Hewa je, isiyoonekana?"

Hiyo si shaka ya mtu mjinga. Mzee alikuwa akisema juu ya gharar, yaani biashara ya kitu kisichojulikana au kisichomilikiwa, ambayo dini yetu imeikataza ili watu wasidhulumiane. Mimi si mufti, na fatwa nawaachia masheikh. Lakini naweza kueleza nilivyouelewa mkataba, ili atakayeulizwa ajue anaulizwa nini.

Mwenye shamba la minazi huweka mlinzi. Mwisho wa mwezi mlinzi hulipwa. Ameuza nini? Hakuuza nazi, maana si zake. Hakuuza usiku. Ameuza macho yake na miguu yake, na kazi yake yapimika: nazi zipo au hazipo. Watu wa Gazi na Makongeni wamefanya kazi mfano wa hiyo. Wamepanda, wamelinda, wamejinyima kukata, na kila mwaka miti huhesabiwa. Wakilala, hesabu itashuka na malipo yatashuka. Kwa hiyo neno "kuuza hewa", ambalo limezoeleka vinywani, ndilo linalotutia shaka zaidi kuliko tendo lenyewe. Naona jina lake la haki ni ujira wa ulinzi.

Hata hivyo kuna shaka ya pili, nayo ni nzito kuliko ya kwanza. Huyu anayelipa, je, ameacha kuchafua? Mtu akimwaga taka mlangoni kwako kila asubuhi, kisha akampa kijana wako shilingi mbili afagie uani, taka za mlangoni zipo vile vile. Pesa za Gazi hazimsafishi mwenye kiwanda. Kama amelipa na akapunguza moshi wake, ametenda wema. Kama amelipa ili azidishe, ni baina yake na Muumba wake. Lakini wimbi halimngojei. Kisiwa cha Wasini, Vanga, Msambweni, Gazi yenyewe, ziko pale pale bahari inapopanda, awe tajiri ametubu au hakutubu. Mikoko yatukinga sisi kwanza. Ujira ni nyongeza.

Na shaka ya tatu ni ya fundi wa nyumba. Maskini anayejenga banda lake atapata wapi miti? Wenye mradi waliliona hilo mapema, wakapanda mivinje nchi kavu ipate kukatwa badala ya mikoko. Mvinje hukua upesi na hunyooka. Hautabeba dari la mawe la babu zetu, lakini nyumba ya udongo utaibeba. Mpango wa kulinda usiompa mwenye shida njia nyingine huishia kuwafanya majirani kuwa wezi.

BAHARI INAYOPANDA

Nisije nikaeleweka kwamba mikoko ni dawa ya kila kitu. Wakati wa mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998, mafuriko yalishusha udongo mwingi katika hori la Mwache, karibu na Mombasa, ukafunika mizizi ya mikoko, na mamia ya hekta yakafa. Mwaka ule ule wa 1998 maji ya bahari yalipata joto, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe na kufa. Mkoko hauwezi kuzuia moto wa maji, wala hauwezi kuhimili udongo unaotoka bara ambako milima imeachwa uchi. Anayelima mteremkoni huko Kwale juu na anayevua Gazi chini wameshika ncha mbili za kamba moja.

Kuna na jambo la nafasi. Bahari ikipanda polepole, mikoko nayo hurudi nyuma polepole: mche huota mahali pa juu kidogo kuliko mama yake. Lakini itarudi wapi ikiwa nyuma yake pana ukuta wa mawe, shimo la chumvi, au nyumba ya mapumziko ya mtu asiyekuja ila Disemba? Atazamaye Diani leo ataona jinsi ufuo ulivyojengwa. Mikoko ikibanwa baina ya wimbi na ukuta, hufa imesimama. Kwa hiyo kila kijiji chenye mikoko chapaswa kujua nyuma ya mikoko yake pana nini, na ni nani anayepauza.

Mfano wa Gazi umekwisha kuigwa. Karibu na mpaka wa Tanzania, vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vinalinda hekta 460 za mikoko kwa mpango kama ule. Ng'ambo ya mpaka, katika kisiwa cha Misali, Pemba, jambo kama hilo lilijaribiwa kwa mlango mwingine: mwishoni mwa miaka ya 1990 wavuvi walizungumzishwa juu ya kuhifadhi bahari kwa mafunzo ya Qurani, kwamba mwanadamu ni khalifa katika ardhi na kwamba alichopewa ni amana. Sioni kwa nini milango hiyo miwili isifunguliwe pamoja. Mkataba waweza kumfunga mtu mpaka 2033. Amana haina tarehe ya mwisho.

Serikali nayo, katika sheria ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023, imetaka miradi ya hewa iliyo juu ya ardhi iwape wenyeji si chini ya asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka, na iwe na mapatano ya maandishi nao. Hilo ni jema kulijua, maana wakija wageni na karatasi katika kijiji chako, swali la kwanza liwe hilo.

Lakini lililonitia hofu zaidi Gazi si wimbi wala mkataba. Niliwauliza vijana watatu wanioneshe mlilana. Wawili walinionesha mkoko. Mmoja alisema yote ni mikoko tu. Wazee waliojua majina walikuwa wakataji. Ukataji ulipokoma, chuo chao kilifungwa. Sasa twataka walinzi, na mlinzi asiyejua kutofautisha mlilana na mchu atapanda mti mahali ambapo bahari itauchukua.

Dawa yake si ghali. Walimu wa madrasa na wa shule, katika vijiji vyote vya mikoko kuanzia Gazi hadi Vanga, wawachukue watoto mara moja kwa mwaka, bamvua maji yakipwa, pamoja na mzee mmoja aliyekuwa mkataji. Awataje miti mmoja mmoja, jina lake, mahali pake na kazi yake, na kila mtoto achomeke bakora moja. Tumefunzwa sote kwamba apandaye mti, kila atakayefaidika nao, mtu, ndege au mnyama, mpandaji huandikiwa sadaka. Katika mkoko humo kuna kaa, kamba, samaki wachanga, ndege wa aina nyingi, na nyuma yake kijiji kizima kilicholala. Sadaka hiyo haiulizi bei ya tani moja ya hewa mwaka huu ni dola ngapi.